Milima ya Usambara ina umri gani? Nambari tatu, maswali matatu

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja wilayani Korogwe. Tunafundisha kwamba Milima ya Usambara ni ya kale kuliko Kilimanjaro. Lakini kitabu kimoja kinasema ina miaka milioni 600, kingine milioni 30, na makala niliyosoma karibuni inasema ilinyanyuka miaka milioni 7 tu iliyopita. Wanafunzi wananiuliza ipi ni kweli, nami sina jibu. Na kama ni mikongwe hivyo, mbona mvua haijaisawazisha?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na wanafunzi wako wapewe hongera. Nambari zote tatu zina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na waandishi wengi hawasemi ni swali gani.

Chukua mlango wa mvule wa nyumba ya pwani. Nikitaka kujua umri wake, itakubidi kwanza uniulize nami: nataka kujua mti uliota lini, fundi aliuchonga lini, au mlango ulitiwa kwenye nyumba hii lini? Mti unaweza kuwa wa karne mbili, nakshi za enzi ya babu, na nyumba ikawa ya juzi. Milima nayo ni hivyo hivyo. Kuna umri wa mwamba, kuna umri wa nyufa zilizoukata mwamba ule ukawa mabonge, na kuna umri wa kimo tunachokiona leo. Usambara pamoja na ndugu zake wa Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya, Pare, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi Mahenge na Udzungwa, wote wana historia hii ya ngazi tatu.

Tuanze na mwamba. Unapopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kabla hujafika Soni, barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima na jiwe liko wazi. Sogea karibu kabisa. Utaona michirizi ya kijivu cheupe na nyeusi, mahali pengine imejikunja kama kitambaa kilichosukumwa kwa kiganja juu ya meza. Jiwe hili ni naisi, na lile lililopikwa zaidi tunaliita granulaiti. Ndani ya michirizi tafuta vipunje vyekundu vilivyokoza, vingine vidogo kama mtama, vingine vikubwa kama harage. Hiyo ni ganeti, na kwangu mimi ndiyo shahidi mkuu wa kisa chote hiki.

Ganeti hubeba kumbukumbu ya mahali ilipoota. Kiasi cha chuma, magnesi na kalsi ndani yake hutegemea joto na mgandamizo wa wakati ule, kwa hiyo ukiipima pamoja na madini yaliyogusana nayo, unapata kipimajoto na kipimo cha kina kwa pamoja. Wataalamu waliopima granulaiti za Pare, Usambara na Uluguru wamepata joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, na mgandamizo unaolingana na kina cha kilomita 30 hadi 40. Waambie wanafunzi wako wapange Kilimanjaro sita, moja juu ya kichwa cha nyingine, kuanzia usawa wa bahari. Huko ndiko lilikotoka jiwe wanaloliegemea pale kando ya barabara.

Lilipikwa lini? Hapo tunayauliza madini mengine, zirkoni, yenye chembe za urani ambayo hugeuka kuwa metali ya risasi kwa mwendo usiobadilika. Zirkoni za granulaiti hizi zinatupa umri wa karibu miaka milioni 640. Hiyo ndiyo nambari ambayo kitabu chako cha kwanza kimeikadiria kuwa milioni 600, na ni sahihi mradi isemwe kwamba ni umri wa kupikwa kwa mwamba.

Kilichoupika ni mgongano wa mabara. Palikuwa na bahari kati ya nchi zilizo mashariki na magharibi ya hapa. Bahari ile ilifungwa, mabara yakagongana, na kazi hiyo iliyochukua makumi ya mamilioni ya miaka ndiyo iliyoliunganisha bara kuu la Gondwana. Mstari wa kovu unapita kutoka Sudani na Ethiopia, Kenya, Tanzania, hadi Msumbiji, na mwaka 1951 mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliupa jina la Ukanda wa Msumbiji. Holmes hakuujua kwa kusoma tu: alipokuwa kijana, mwaka 1911, alikwenda kutafuta madini Msumbiji na akarudi na malaria.

Bahari iliyotoweka imeacha mabaki ambayo hata mtoto anaweza kuyashika. Marumaru ya Uluguru na Mahenge ni chokaa ya bahari iliyopikwa. Madini ya kinywe yanayopatikana Mahenge yanatokana na tope lililojaa mabaki ya viumbe, kaboni yake ikashindiliwa na kuchomwa hadi ikawa ile kitu laini inayotiwa ndani ya penseli. Yakuti nyekundu na spineli za Mahenge na Matombo ziliota ndani ya marumaru hiyo hiyo, na hata tanzanaiti ya Mirerani, iliyogunduliwa mwaka 1967, imo katika ukanda huu huu. Mimi husema kwamba mtu akinunua kito kutoka Morogoro ananunua kipande cha sakafu ya bahari ambayo haimo tena katika ramani yoyote.

Sasa zingatia jambo moja, Mwalimu, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mgongano ule ulijenga milima mirefu sana. Gamba la dunia chini ya Usambara leo lina unene wa kilomita zaidi ya 35. Ukiongeza kilomita 35 nyingine zilizokuwa juu ya jiwe letu, unapata unene wa karibu kilomita 70, sawa na ule ulio chini ya Tibeti sasa hivi. Kwa hiyo, ndiyo, palikuwa na milima ya kiasi cha Himalaya mahali hapa. Lakini milima ile haipo. Imekwisha yote, mpaka chini. Tunachokikanyaga Lushoto na Amani ni mizizi yake, na mizizi hiyo imeinuliwa upya baadaye sana na kwa sababu nyingine kabisa. Kuziita Usambara mabaki ya vilele vya kale ni kosa, ingawa linarudiwa mara nyingi.

Tunajuaje kwamba milima ya kwanza ilikwisha? Kwa kutazama kilicholala juu ya naisi. Yapata miaka milioni 300 iliyopita, bara la Gondwana lilianza kupasuka, na katika mabonde ya mipasuko ile yakajikusanya mashapo tunayoyaita ya Karoo: mchanga, tope, na mboji ya misitu iliyokuja kuwa makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma. Mashapo ya namna hiyo yako pia nyuma ya Tanga, na ukivuka mpaka utayakuta Taru, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Mashapo ya Karoo yamelala juu ya naisi. Ili hilo liwezekane, naisi ilikuwa tayari imeshafika juu, imeshavuliwa zile kilomita 30 na zaidi. Mvua, mito na muda vilikuwa vimeshaimaliza Himalaya yetu kabla hata dinosaria wa kwanza hajazaliwa.

Mipasuko ya Karoo ndiyo fundi wetu wa mlango. Nyufa kubwa zinazopakana na mabonge ya Tao la Mashariki zilianza wakati huo, nyingi zikifuata mishipa ya zamani ya naisi, kama gogo linavyopasuka kwa kufuata uzi wake. Bonge moja lilipanda, jirani yake likashuka. Kisha katika kipindi cha Jurasi, enzi ya dinosaria, Madagaska ilikatika na kuanza safari, Bahari ya Hindi ikaingia, na Usambara ikajikuta karibu na pwani mpya. Ukienda kusini mwa Madagaska leo, au Sri Lanka, utakuta granulaiti na ganeti zilizo jamaa wa hizi zetu.

Kuna njia ya kufuatilia jinsi mwamba ulivyopanda taratibu kuelekea juu, na naipenda kiasi kwamba lazima nikueleze. Madini yaitwayo apataiti yana urani kidogo. Mara chache sana atomu ya urani hupasuka yenyewe, vipande vyake viwili vikaruka pande tofauti na kuacha mkwaruzo ndani ya punje, wenye urefu wa kama milimita 0.015. Mwamba ukiwa na joto zaidi ya nyuzi 110 hivi, mikwaruzo hujifuta yenyewe. Ukipoa chini ya hapo, inabaki. Kwa hiyo ukihesabu mikwaruzo chini ya hadubini unajua ni lini mwamba ulipita kwenye joto hilo, yaani ulipofika kina cha kilomita 3 au 4 kutoka juu. Miamba ya mashariki mwa Tanzania na Kenya imetoa umri ambao sehemu kubwa unaangukia enzi ya dinosaria. Maana yake ni kwamba tangu wakati huo hakuna kilomita nyingi zilizoondolewa. Mmomonyoko mkubwa ulikuwa wa kale. Wa baadaye ni mdogo.

Lakini mikwaruzo hiyo haisemi lolote kuhusu kimo. Bonge zima likiinuliwa mita 1,000 bila kumomonyolewa, apataiti haitajua kwamba limepanda. Ndiyo maana kwa swali la tatu, la kimo cha leo, inabidi tutafute mashahidi wengine.

Shahidi mmoja yuko juu kabisa. Aliyepanda Uluguru hadi Lukwangule anajua mshangao wake: baada ya saa nyingi za msitu na mteremko mkali unatokea kwenye uwanda wa majani, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, ardhi yenye mawimbi ya polepole kana kwamba umerudi chini. Magamba, juu ya Lushoto, kuna boksaiti, udongo wa kutengenezea alumini. Boksaiti hupatikana pale mwamba unapochakaa mahali pamoja kwa muda mrefu sana, mvua ikichuja na kupeleka chini kila kinachoyeyuka. Kwenye mteremko mkali haikai, kwani udongo huondoka kabla haujakomaa. Uwanda wa juu na boksaiti yake vinasema neno lile lile: sehemu hii iliwahi kuwa nchi tambarare, yenye mvua na joto, kisha ikainuliwa pamoja na ngozi yake ya zamani.

Shahidi mwingine ni nyangumi. Mwaka 1964, upande wa Turkana nchini Kenya, kilomita 740 kutoka bahari ya leo, yalipatikana masalia ya nyangumi mwenye mdomo mrefu aliyekufa miaka milioni 17 iliyopita. Mnyama yule alipotea njia akapanda mto mkubwa mpaka akakwama. Masalia yalipotea katika maghala ya makumbusho kwa miaka mingi, yakapatikana tena mwaka 2011. Mahali alipolala leo ni mita 620 juu ya bahari, na watafiti wamekadiria kwamba alipokwama pale palikuwa mita 24 hadi 37 tu, kwa kuwa nyangumi hawezi kupanda maporomoko. Kwa hiyo nyanda za juu za Afrika Mashariki zimeanza kuinuka baada ya yeye kufa. Kinachoziinua ni mwamba wa moto unaopanda kutoka chini sana, ukilisukuma gamba kutoka chini kama mkate unavyoumuka. Turkana si Usambara, najua, lakini msukumo ule ni mpana, na ndio uliozaa Bonde la Ufa.

Bonde la Ufa lilifika kaskazini mwa Tanzania katika miaka milioni 8 hivi iliyopita, na lilipofika lilikuta nyufa za Karoo zinangoja. Kupasua mwamba mzima ni kazi. Kufungua ufa wa zamani ni rahisi. Nyufa zikaamka, mabonge yakapanda tena. Hii ndiyo maana ya zile milioni 7 ulizozisoma, na ndiyo sehemu kubwa ya kimo unachokiona kutoka darasani kwako. Simama Mombo utazame juu: ukuta unapanda kwa ghafla karibu mita 1,000, bila vilima vya kukuandaa. Milima iliyozeeka mahali pake haina kuta za hivyo. Bonde la Lwengera, linalotenga Usambara Mashariki na Magharibi, ni kipande kilichoshuka katikati ya nyufa mbili. Na kule Udzungwa, mto Sanje unaanguka mita 170 kuelekea Kilombero. Mto uliopewa muda wa kutosha hukata ngazi yake ikawa mteremko laini. Huu bado haujapata muda huo.

Nambari ya milioni 30 inatoka kwa wanabiolojia zaidi kuliko kwetu wanajiolojia. Wao wanazungumzia ukongwe wa misitu na kutengana kwake na misitu ya Kongo. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umeendelea kuinyeshea miinuko hii hata pale sehemu nyingine za Afrika zilipokauka, na ndiyo maana viumbe wa kale wamebaki humu. Mwaka 1991 watafiti waligundua huko Udzungwa aina ya kwale ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Ni nambari yenye maana, ila ni umri wa msitu. Msitu unaweza kuwa mkongwe kuliko kimo cha mlima unaoubeba, mradi pawepo na mwinuko wa kiasi cha kukamata mawingu.

Sasa swali lako la mvua. Lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa hiyo tufanye hesabu. Tuseme mmomonyoko unaondoa mita 20 kwa kila miaka milioni moja, kasi ya chini kabisa kwa nchi ya milima. Katika miaka milioni 100 zitakuwa zimeondoka mita 2,000, ambazo ni karibu kimo chote cha Usambara. Wanafunzi wako wana haki: mlima uliosimama bila kuinuliwa tena tangu enzi ya dinosaria ungekuwa umekwisha au umebaki kilima.

Kuna mambo mawili yanayouokoa. La kwanza ni kuamka kwa nyufa ambako nimekwisha kukueleza. La pili ni kwamba gamba la dunia linaelea. Umewahi kuona jahazi likipakuliwa: kila gunia linaloshushwa, chombo kinapanda kidogo majini. Mwamba wa gamba una uzito wa gramu 2.7 hivi kwa sentimita ya ujazo, na mwamba mzito ulio chini yake gramu 3.3. Gawanya 2.7 kwa 3.3 utapata kama 0.8. Kwa hiyo mto ukiondoa mita 1,000 za mwamba kwenye eneo pana, gamba linapanda tena kama mita 800, na kimo kinapungua kwa mita 200 tu. Na kama mto unachimba mabonde na kuacha vilele, vilele vinaweza hata kupanda juu zaidi kuliko awali. Ugumu wa granulaiti nao unasaidia, na msitu unaushika udongo, lakini hayo ni madogo mbele ya hayo mawili.

Ulinganisho na Kilimanjaro nao urekebishe kidogo. Kilimanjaro ni volkano, zaha iliyotoka na kujirundika. Shira, kilele chake cha zamani zaidi, kilianza yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, na Kibo ni mdogo zaidi. Hapo mwamba na mlima vina umri mmoja, ndiyo maana watu huhesabu nambari moja tu. Kwa Usambara nambari moja haitoshi. Ningekuwa darasani kwako ningeandika ubaoni hivi: mwamba, takriban miaka milioni 640, nyufa, kuanzia takriban milioni 300, kimo cha leo, kwa sehemu kubwa miaka milioni chache iliyopita.

Na kabla ya kuandika, ningewapeleka mtoni. Chukueni karai na mchanga wa kijito chochote kinachoshuka kutoka milimani, mwoshe kama wachimbaji wanavyofanya, mkizungusha taratibu ili mchanga mweupe umwagike. Ganeti ni nzito, karibu mara moja na nusu ya mchanga wa kawaida, kwa hiyo hubaki chini pamoja na chembe nyeusi za chuma. Muinue karai kwenye jua: vipunje vitang'aa kwa rangi ya zambarau nyekundu. Mkikosa mara ya kwanza msikate tamaa, sogeeni pale mto unapopinda, upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, mchimbe kiganja kimoja chini. Hapo maji hupunguza nguvu, na vitu vizito hutulia.